Safari ya Voi, Mlango wa Tsavo

Wengi wetu tukaao pwani twaujua mji wa Voi kwa dirisha la gari tu. Mtu atokaye Mombasa kwenda Nairobi hufika hapo baada ya kiasi cha kilomita 150, akanunua ndizi na maji ya kunywa, akanyosha miguu, kisha akapanda garini akaendelea na safari yake. Mimi nami nalikuwa katika watu hao kwa miaka mingi. Nalipita Voi mara zisizo na hesabu, wala sikupata kulala hapo hata usiku mmoja, mpaka siku iliponijia haja ya lazima.

Haja yenyewe haikuwa kutazama wanyama. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ameolewa Sagalla, chini ya mlima ulio kusini ya Voi, tangu mimi ni mtoto wa chuoni. Mumewe amekwisha kutangulia mbele ya haki, na wanawe wametawanyika mijini kwa ajili ya kazi. Katika muda wa mwaka mmoja ndovu waliingia katika shamba lake mara tatu, na mara ya mwisho walifika hata ukuta wa jiko. Jamaa tulipopata khabari hii tukakaa barazani tukashauriana, ikaonekana kuwa si vyema mjane mtu mzima kuishi peke yake mahali kama hapo. Basi nikaambiwa niende mimi, maana ndiye anisikilizaye, nimshawishi auze shamba aje akae nasi Mombasa. Mpwa wangu alikuwa akienda Nairobi kwa gari lake, akakubali kutuchukua mimi na mke wangu na watoto wetu wawili. Watoto nao waliposikia Voi, hawakusikia shangazi, walisikia simba. Nikawaahidi siku moja ya kuingia katika mbuga.

NJIANI

Ukiisha kupita Mariakani minazi hukuaga, na ardhi hugeuka kuwa nyika ya miiba. Maji ya Chumvi, Samburu, Taru: majina haya yalikuwa majina ya vituo vya misafara kabla ya kuwa majina ya vituo vya gari la moshi. Wazee wetu waliosafiri bara kwa miguu waliiogopa njia hii kuliko simba, kwa sababu ya kiu. Walitegemea ngurunga za Taru, yaani mashimo yaliyomo katika mwamba ambayo hushika maji ya mvua. Na msafara uliozikuta ngurunga kavu ulikuwa katika hatari kubwa. Leo mtu huivuka nyika hii kwa saa mbili tatu, amekaa juu ya kiti, naye hulalamika kwamba barabara ina malori mengi. Niliwaambia watoto jambo hili, wakatazama chupa za maji waliokuwa wamezishika, wakanyamaza kidogo.

Tulisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, miongoni mwao Waislamu wengi wa Punjab. Yapata 2,500 walikufa. Husimuliwa kwamba Sayyid huyu alikuwa mmoja wa wafanya kazi wa reli, na kwamba wenziwe walikuwa wakiliona karai lake la kokoto likielea juu ya kichwa chake bila ya kumgusa. Ilimu ya mambo hayo iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini mtu hahitaji kuamini khabari ya karai ili aufaidi msikiti huo. Pana maji ya kutawadhia, pana kivuli, pana mahali safi pa kusali katikati ya nyika, na wasafiri wa kila namna hupumzika hapo. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza kama wasafiri wafanyavyo, tukala tulichokichukua, tukaondoka.

MJI WENYEWE

Voi ni mji mkubwa kuliko yote katika Kaunti ya Taita-Taveta, walakini si mji wa kutisha. Mtu mwenye miguu mizima huweza kuuzunguka katika asubuhi moja. Wenyeji husimulia kwamba jina lake latokana na Kivoi, yule mfanya biashara mashuhuri wa Ukambani aliyesafiri na Krapf, aliyeuawa mwaka 1851. Reli ndiyo iliyoufanya kuwa mji, na vita ndivyo vilivyoukuza: mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga tawi la reli kutoka hapa kuelekea Taveta, ili wapigane na Wajerumani waliokuwa upande wa Tanganyika. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo mpaka leo mjini, yametunzwa vizuri, na mgeni huweza kuyazuru.

Sokoni tulikuta mboga, ndizi na matunda yaliyoteremshwa kutoka milima ya Taita, ambako kuna baridi na mvua, hali Voi yenyewe imechomwa na jua. Hoteli za Waislamu ziko, na mwenye kutaka pilau au chapati na maharagwe hakosi. Adhana husikilizana na honi za malori. Watu wake ni wa makabila mengi: Wataita, Wasagalla, Wakamba, Waduruma, Wasomali, Waarabu, na wengineo walioletwa na reli wakabaki.

Jambo moja lilinishangaza. Mji huu huitwa mji wa watalii, lakini watalii wenyewe ni haba mitaani. Huwaona wakipita katika magari yaliyofunuliwa mapaa, wamevaa kofia za jua, wakielekea lango la mbuga. Wakirudi hurudi na vumbi jekundu nyusoni, wakaenda zao pwani au Nairobi. Hulala katika mahoteli yaliyo vilimani na ndani ya mbuga. Nilimwuliza mwenye duka moja la nguo kama watalii humletea faida. Akacheka, akaniambia, "Bwana, mimi huuza kanga kwa wake wa madereva wao." Kwa hakika kauli hii ilinieleza mambo mengi.

USIKU WA SAGALLA

Tulifika kwa shangazi kabla ya Magharibi. Nalimpa shikamoo, akaipokea, akanikumbatia kama niliye bado mtoto, akawatazama watoto wangu mmoja mmoja akiwatafutia sura ya baba. Shamba lake lilikuwa na mahindi yaliyofika kifuani, na mistari ya pojo na kunde. Upande mmoja mahindi yalikuwa yamelala chini yote, kana kwamba mtu amepitisha gogo kubwa. Hapakuwa na haja ya kuuliza.

Baada ya Isha nikamfungulia maneno niliyotumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwani ni mtu wa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, nitakujibu. Lakini kwanza kesha nasi usiku wa leo."

Basi nikakesha. Majirani wana zamu: vijana watatu hukaa juu ya dungu lililojengwa kwa miti, wana tochi, madebe matupu na filimbi. Yapata saa saba ya usiku mmoja wao akanigusa bega. Sikusikia kitu. Nalidhani mnyama mkubwa kama yule hutikisa ardhi, kumbe hutembea kama mtu aliyevua viatu. Kisha nikasikia bua la hindi likivunjika, na pumzi. Vijana wakapiga madebe, wakapiga kelele, mbwa wakabweka kila upande, nami nikajikuta napiga debe langu kwa nguvu zote huku magoti yakinitetemeka. Walikuwa wanne. Katika mwanga wa tochi niliona upande wa mmoja wao, mwekundu kama ukuta wa udongo, ukigeuka polepole bila ya haraka. Waliondoka. Mistari miwili ya mahindi ilikwenda nao.

Alfajiri shangazi alitoka kwenda kuyatazama yaliyoharibika. Hakulia. Aliyaokota mabua yaliyovunjika akayatenga kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Akaniambia kwamba sheria ipo. Nami najua kwamba ipo, kwani Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yaagiza kulipwa fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, na shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama. "Nilijaza karatasi zote," akasema. "Huu ni mwaka wa pili naambiwa ningoje."

NDANI YA TSAVO

Siku hiyo nikatimiza ahadi ya watoto. Malipo ya kuingia hufanywa kwa simu au kadi, si kwa fedha mkononi. Mwenye kwenda na atengeneze jambo hilo mapema asije akasimama langoni. Gari huingia tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi na mbili ya jioni lazima liwe limetoka, ila kwa mwenye kulala humo. Ni marufuku kushuka garini pasiporuhusiwa, na ni marufuku kuwapa wanyama chakula.

Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1948. Tsavo ya Mashariki peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 13,700, yaani zaidi ya mara nane ya kisiwa chote cha Unguja. Ni nchi ya udongo mwekundu, nao ndovu huoga vumbi lake hata wakageuka rangi. Ndiyo maana huitwa ndovu wekundu. Tuliona twiga, punda milia, nyati, na mbuni. Tuliona mwamba wa Mudanda, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, ambao humwaga maji ya mvua katika ziwa dogo lililo chini yake. Simba hatukumwona, na mwanangu mdogo alihuzunika sana. Nikamsimulia khabari ya simba wawili walioshambulia kambi ya wajenzi wa reli penye daraja la Tsavo mwaka 1898, wakala watu wengi hata kazi ikasimama, mpaka Patterson alipowaua katika mwezi wa Desemba. Ngozi zao ziko Chicago, katika jumba la makumbusho. Baada ya khabari hiyo alitosheka na twiga.

Walakini mimi nilikuwa nikiwatazama ndovu kwa jicho jingine. Wale wa usiku nalitamani wapigwe risasi. Mchana huu tulimkuta mama mmoja na kitoto chake kisichofika tumboni mwake. Kikateleza kando ya maji, naye akakishika kwa mkonga akakisimamisha, kama vile mke wangu amshikavyo mtoto barabarani. Hasira yangu ikapungua, na mahali pake pakaingia mashaka.

Maana ndovu nao wana khabari yao. Ukame wa miaka 1970 na 1971 uliua maelfu yao katika Tsavo. Kisha wakaja majangili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa yapata 35,000 katika nchi hii ya Tsavo. Ilipofika mwaka 1988 walikuwa wamebaki yapata 6,000 tu. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe huko Nairobi, na biashara ya pembe ikapigwa marufuku duniani. Wakaanza kurudi: hesabu ya mwaka 2021 ilipata 14,964. Hata hivyo mwaka 2014 ndovu mashuhuri wa hapa, Satao, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa chini, aliuawa kwa mshale wa sumu. Na katika ukame wa mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, ndovu 205 walikufa katika nchi ya Kenya.

Kina mama watapenda kujua jambo hili pia. Daphne Sheldrick, ambaye mumewe David alikuwa mkuu wa kwanza wa mbuga hii, alijaribu kwa miaka mingi kulea vitoto vya ndovu vilivyofiwa na mama zao, navyo vikifa, kwa kuwa hawakuweza kuyahimili maziwa ya ng'ombe. Baadaye akagundua kwamba mafuta yaliyo karibu zaidi na yale ya maziwa ya ndovu ni mafuta ya nazi. Mnazi wetu huu, ambao wengine twauona ni wa kutilia mchuzi tu, umeokoa maisha ya wanyama wengi. Mpaka leo mayatima waliokwisha kukua huletwa Voi, wakafunzwa kurudi porini.

MAJI NA NYUKI

Jioni nilimweleza shangazi niliyoyaona. Akaniuliza, "Na maji ya Mombasa mwanywa kutoka wapi?" Nikajibu, kutoka mferejini. Akatabasamu. Sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, zilizomo katika Tsavo ya Magharibi. Mvua hunyesha katika vilima vya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi makumi ya kilomita, ikachomoza Mzima ni maji safi kama kioo. Na tangu miaka ya 1950 bomba kubwa huyateremsha mpaka pwani. Bomba hilo hupita nchi ya Wataita, na mifereji ya Voi yenyewe hukauka mara kwa mara. Yapata asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga. Basi mwenyeji ametoa ardhi, ametoa maji, na usiku hutoa mahindi. "Nanyi mwataka nitoe na shamba," akasema. Sikuwa na jawabu.

Asubuhi ya pili alinipeleka kwa jirani yake, kutazama uzio wa namna ambayo sikupata kuiona. Hauna waya wa miiba wala umeme. Ni mizinga ya nyuki, imetundikwa kati ya nguzo kulizunguka shamba, kila baada ya mita 10, nayo imefungamanishwa kwa waya mmoja. Ndovu akiusukuma waya ili apite, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Mnyama huyu asiyemwogopa simba humwogopa nyuki, kwa kuwa humwuma penye macho na ndani ya mkonga. Wataalamu wameujaribu uzio huu hapa Sagalla tangu mwaka 2009 au karibu na hapo, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika msimu wa mazao mashamba hayo yalisalimika na ndovu zaidi ya 80 katika kila 100 walioyakaribia. Mwenye shamba hupata na asali ya kuuza. Lakini si dawa ya kila ugonjwa: ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki wengi katika mizinga, na asali ikapungua kwa miaka mitatu.

Binti yangu, aliye darasa la sita chuoni, akasema, "Baba, katika Kurani mna sura ya Ndovu na mna sura ya Nyuki." Nilistaajabu. Nimezisoma sura hizo maisha yangu yote, wala sikupata kuziweka pamoja. Nikakumbuka pia hadithi tuliyosomeshwa tukiwa wadogo, ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa kwa ajili yake. Ikiwa mbwa mmoja ana haki ya maji, ndovu naye anayo. Na ikiwa ndovu anayo, basi mjane mwenye shamba la ekari mbili ana haki zaidi ya kutosahauliwa.

Hapo ndipo shangazi aliponipa jawabu lake. "Mume wangu amezikwa hapa. Udongo huu naujua. Nikija Mombasa nitakuwa mgeni wa mkeo, naye ni mtu mwema, lakini mgeni huhesabu siku. Mkitaka kunisaidia, nisaidieni nikae."

Nikampigia simu kaka yangu mkubwa nikamweleza. Kwanza alighadhibika. Kisha akanyamaza, akauliza mzinga mmoja ni bei gani.

Tulirudi kwa gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, kwani mpwa wangu alikuwa amekwisha kwenda zake Nairobi. Reli hii imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake zimeachwa njia pana za wanyama kupita. Watoto walikaa dirishani wakitafuta ndovu mpaka Miasenyi. Mimi nalikuwa nikihesabu katika karatasi: mizinga, nguzo, waya, na mchango wa kila mmoja katika jamaa. Mzinga wa kwanza umekwisha tundikwa, alhamdulillahi, na kabla ya mvua za vuli twataraji kuukamilisha upande unaoelekea mbuga.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi, nenda Voi. Ingia mbugani uone kazi ya Muumba, lakini usipite mji kama apitaye makaburini. Lala mjini japo usiku mmoja. Nunua mboga sokoni, kula katika hoteli za wenyeji, nunua asali ya Sagalla. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji wa Voi bado angoja kupona. Na kila ufunguapo mfereji nyumbani kwako Mombasa, mkumbuke yule anayekesha na debe mkononi penye nchi maji hayo yanakotoka, umwombee kwa Mwenyezi Mungu mavuno mema na usingizi wa salama. Amin.